Safari fupi ya familia kwenye milima ya Usambara: mwongozo kamili

Wazazi wengi wakitaka kuwapeleka watoto mlimani huanza kwa kuuliza ni mlima gani wenye mandhari nzuri. Mimi huanza kwingine: tukiwa katikati ya njia, mtoto akikaa chini na kusema hatembei tena, tunatokaje? Ukishapata jibu la swali hilo, mlima umeshajichagua wenyewe.

Chukua matembezi ya siku moja kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, Kilimanjaro. Ni njia nzuri sana, lakini ni takriban kilomita 8 za kupanda hadi mita 2,720, na kurudi ni kwa miguu ileile. Hakuna kijiji, hakuna bodaboda. Longonot kule Kenya nako, ukishafika nusu ya kuzunguka ukingo wa shimo la volkano, kurudi ulikotoka na kuendelea mbele ni umbali uleule, na kivuli ni haba. Hizo ni safari za watoto waliokwisha kuzoea.

Kwa familia inayoanza, mimi naipa Lushoto nafasi ya kwanza. Usambara Magharibi ni milima inayokaliwa na watu. Njia za miguu ni zile Wasambaa wanazopita kwenda shambani, sokoni na shuleni, kwa hiyo sehemu nyingi hazikosi barabara ya gari, duka au pikipiki karibu. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,400 hivi. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuwa wa kuhofia ukivuka mita 2,500, kwa hiyo hilo moja unaliondoa kwenye orodha ya wasiwasi. Mwongozo huu nimeupanga kwa safari ya usiku tatu kwa anayetoka Dar es Salaam. Anayetoka Tanga au Moshi anaweza kuibana kwa usiku mbili.

1. Tarehe kwanza, hoteli baadaye

Masika hunyesha Machi hadi Mei. Miezi hiyo njia za udongo mwekundu huteleza, na unaokwenda nao bado hawajajua kujizuia wakianguka. Vuli huja kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba, si kali kama masika, lakini kuna alasiri utashinda ndani unacheza karata. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kisha Januari na Februari.

Juni hadi Agosti kuna ukavu lakini kuna baridi. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kama Tanga ni nyuzi 27 mchana, Lushoto utaikuta kwenye 18 au 19, na usiku wa Julai mtoto wa Dar atauliza kama hiyo ndiyo Ulaya. Mwezi huo usikubali chumba kabla hujaona mablanketi.

Likizo ya shule ya Juni inafaa. Sabasaba (Julai 7) na Nanenane (Agosti 8) zikiangukia Ijumaa au Jumatatu, una siku tatu za mapumziko bila kuomba ruhusa kazini. Ila mwenzako naye anajua hivyo, kwa hiyo weka nafasi ya chumba mapema.

2. Pima miguu ya watu wako

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya asiyepumzika. Kwa familia yenye mtoto wa miaka sita hadi tisa, piga hesabu hiyo kisha uzidishe kwa mbili. Utaona watu wanacheka, halafu utaona muda ukitimia vilevile.

Mfano: kutoka Lushoto mjini hadi ukingo wa Irente ni kilomita 6 hivi, na vipandio vyake si vikali. Naismith angesema saa moja na nusu. Wewe andika saa tatu. Saa tatu hizo si za kutembea tu. Ndani yake kuna kufunga kamba za viatu, kwenda haja, kumtazama ng'ombe, kugombania fimbo, na kupumzika dakika tano kila baada ya nusu saa.

Wiki mbili au tatu kabla ya safari fanyeni jaribio karibu na nyumbani. Wa Dar wana msitu wa Pugu, wa Morogoro wana Uluguru mlangoni, wa Nairobi wana Karura. Tembeeni saa mbili mfululizo, kila mmoja na viatu na begi atakalolibeba. Jaribio litakuambia mambo ambayo maswali hayawezi: nani anachoka mapema, kiatu cha nani kinabana, na nani anakunywa maji yote ndani ya dakika kumi za kwanza.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu atabebwa, hata kama nyumbani anakimbia. Mbeleko ya kitenge inatosha kwenye njia za vijijini, mradi anayembeba asibebe kitu kingine na awe na fimbo kwenye miteremko. Jambo moja husahaulika: anayebeba anatoka jasho, anayebebwa ametulia tuli. Mama anavua sweta kwa joto wakati mtoto mgongoni ameanza kupoa. Mguse miguu na viganja kila mnapopumzika, na mvishe tabaka moja zaidi ya lako.

3. Mwongoza njia na malazi

Mwongoza njia unamhitaji, hata kama una ramani kwenye simu. Usambara ina njia nyingi kupita kiasi, na simu haiwezi kukuambia ni ipi iliyolimwa mahindi mwaka huu. Lushoto kuna vikundi vya utalii vya wenyeji vyenye ofisi karibu na stendi. Nenda ofisini, usikubaliane na kijana aliyekudaka ukishuka kwenye basi, hata akiwa mchangamfu namna gani.

Kabla ya kulipa, ulizeni wazi: bei ni ya kundi au ya kila mtu? Ada ya kijiji na ya msitu zimo au la? Chakula cha mchana kimo? Aliwahi kuongoza watoto? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Anayejua watoto atakuuliza umri wao kabla hujamaliza sentensi. Asiyejua atakuambia "hakuna shida" kwa kila kitu.

Malazi yapo ya kila namna, kuanzia nyumba za wageni za mjini hadi hosteli za taasisi za dini na hoteli za ukingoni. Kwa familia mimi napendelea mjini siku za mwanzo: duka la dawa lipo, wakala wa pesa za simu yupo, na hospitali ya wilaya iko hapohapo. Uliza maji ya moto, uliza yanapatikana saa ngapi. Chukueni kadi za bima.

4. Viatu na nguo: anza mtumbani

Usinunue vifaa vya duka la watalii. Karume kule Dar, Memorial ya Moshi na Gikomba ya Nairobi zote zina masweta mazito, makoti ya mvua na buti za kutembelea ambazo mwenyewe wa kwanza alizivaa mara chache. Chagua kiatu chenye soli yenye meno, kisha kipinde kwa mikono: kikikunjika katikati kama kandambili, kiache. Mvalishe mtoto soksi nene, ingiza kidole chako kimoja nyuma ya kisigino. Kikiingia bila kulazimisha, saizi ni sawa. Kiatu kinachogusa kidole gumba dukani kitaumiza kucha kwenye mteremko.

Kiatu kipya hakianzii mlimani. Kivaliwe shuleni, sokoni, kanisani au msikitini hadi kizoee mguu.

Nguo ziwe tabaka tatu: fulana ndani, sweta katikati, koti la mvua juu. Jinzi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito na haikauki mpaka kesho. Kila mtu awe na kofia ya sufu ya asubuhi na kapero ya mchana, maana jua la milimani linachoma hata kukiwa na baridi. Soksi kavu za akiba mbili kwa kila mtoto. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nguo zilizolowa na takataka zitafutie mfuko wa kitambaa au kiroba kidogo.

5. Chakula, maji na dawa

Mtu mzima ahesabu nusu lita ya maji kwa saa ya kutembea, mtoto robo lita au zaidi kidogo kukiwa na jua. Kila mtoto abebe chupa yake mwenyewe. Anayebeba maji yake hunywa, anayeyaomba husubiri mpaka ana kiu. Maji ya vijito yanapendeza, lakini juu yake kuna mashamba na mifugo. Usiyanywe bila kuyachemsha au kuyatibu.

Vyakula vya njiani ni vile tulivyokulia: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, chapati zilizokunjwa, karanga, ndizi. Maandazi hukausha mdomo na kumaliza maji, punguza. Chupa moja ya chai ya tangawizi ya moto, tena yenye sukari ya kutosha, hubadilisha hali ya kundi zima asubuhi yenye ukungu. Wape watoto kidogo kidogo kila nusu saa badala ya kusubiri mlo mkubwa. Kununa kwingi kwa mtoto njiani ni njaa ambayo bado hajaitambua.

Kifurushi cha dawa: plasta za kutosha, bendeji, dawa ya kusafishia kidonda, dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo chao, pakiti za ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini), dawa ya mzio, kibano cha kutolea miiba, na dawa za kila mtu anazotumia siku zote. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta (inhela) mwenyewe mfukoni, si kwenye begi la baba aliyetangulia. Weka pia tochi, filimbi moja kwa kila mtoto, na karatasi ya chooni. Simu zichajiwe usiku.

Lushoto malaria ni kidogo kuliko mabondeni, ila mnapita Mombo, mji wa bondeni inakoanzia barabara ya kupanda Lushoto, na kule mbu wapo. Atakayepata homa baada ya safari apimwe.

6. Barabara ya Mombo

Mabasi ya Dar kwenda Lushoto huondoka asubuhi mapema na huchukua saa saba au zaidi. Wanaotoka Mombasa hupitia Horohoro na Tanga; wanaotoka Arusha na Moshi hushukia Mombo. Kutoka hapo ni kilomita 33 hivi za lami zinazopanda karibu mita 1,000 kwa kona baada ya kona, na ndiyo sehemu ya safari inayotapisha watoto kuliko zote.

Kwa hiyo Mombo wasile chipsi mayai. Wape ndizi moja na maji, waketi mbele, watazame barabara na si simu, dirisha liwe wazi. Dawa ya kuzuia kichefuchefu hupewa kabla ya kona kuanza, si baada. Ukiwa na gari lako, simama Soni: kuna maporomoko ya maji karibu na barabara na wauzaji wa matunda, na robo saa ya kunyoosha miguu inatosha. Hapo Soni hewa inabadilika, toeni masweta.

Siku hiyo msipange matembezi. Baada ya chakula cha jioni chukueni tochi, mzunguke taratibu kwenye bustani ya mnapolala, mkimulika matawi ya chini. Kinyonga mchana ni vigumu kumwona, lakini usiku akiwa amelala rangi yake hufifia, na mwanga wa tochi unamfichua kama jani jeupe lililosahauliwa. Usambara ina vinyonga wenye pembe puani wasiopatikana kwingineko. Kutazama tu, bila kugusa. Watoto wengi wamelelewa kumwogopa kinyonga, na hapa ndipo hofu hiyo hupungua.

7. Siku ya kwanza ya kutembea: Irente

Ondokeni saa 2 asubuhi baada ya uji. Mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma, na mtoto mwenye hatua fupi awe wa pili kutoka mbele. Mwendo wa kundi ni wake. Ukimweka nyuma atashinda anakimbilia wenzake: akiwafikia wamekwisha kupumzika, wanainuka, naye anaanza kutembea bila kupumzika.

Njia inapita kati ya mashamba ya mahindi, migomba na mboga. Kila mnayekutana naye asalimiwe, na watoto wafundishwe kuanza wao: shikamoo kwa wakubwa, kama nyumbani. Picha za watu ni kwa ruhusa. Pipi msigawe njiani.

Ukungu ukiwa umefunga asubuhi, msikate tamaa. Mara nyingi hufunguka kuanzia saa 4. Ukingoni Irente ardhi inakatika ghafla na tambarare ya Mazinde iko chini kwa karibu mita elfu moja. Barabara kuu na mashamba ya mkonge huonekana kama mistari iliyochorwa kwa rula. Hapa hakuna mzaha: kabla ya kufika, kila mtoto apewe mtu mzima wake kwa jina, wa kumshika mkono mpaka mnaondoka. Usitegemee uzio. Picha ya kuruka juu ukingoni haipigwi, hata baba akiitaka.

Mkirudi, pitieni shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri. Wanatengeneza jibini, mkate wa rai na jamu, na huandaa chakula cha mchana cha kula bustanini. Pigeni simu siku moja kabla, msifike watu saba bila taarifa. Mkishakula, waulize watoto kwa uwazi: tunatembea au tunapanda gari? Wakichoka, barabara ipo na gari linaitwa kutoka mjini. Mpigie dereva asubuhi umwambie kwamba huenda mkamhitaji saa 8, ili asiwe amekwenda Mombo. Kupanda gari siku ya kwanza ndiko kunakowafanya watoto wakubali kutembea siku ya pili.

8. Siku ya pili: msitu wa Magamba

Jioni kagueni miguu. Sehemu nyekundu inayouma ni lengelenge linalokuja: bandika plasta kabla halijajaa maji. Mwenye miguu mibovu abaki na mzazi mmoja mjini, sokoni nako ni safari.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba iko juu ya mji na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Nendeni kwa gari mpaka kijijini, miguu ihifadhiwe kwa ajili ya msitu wenyewe. Kiingilio hulipwa, raia kwa bei yake na mgeni kwa yake, kwa hiyo chukueni vitambulisho. Mwombeni mwongoza njia mzunguko wa saa mbili hadi tatu, na hapa msikubali mzunguko mrefu, kwa sababu ndani ya msitu njia ya kukatisha matembezi na kutokea barabarani haipo kama vijijini.

Ndani kuna giza la kijani, miti mikubwa ya mikulo, na mbega weusi wenye mabega meupe wanaokaa juu kabisa. Mbega husikika kabla ya kuonekana, kwa hiyo mchezo mzuri ni kunyamaza dakika mbili na kuhesabu sauti. Ardhini hatari ya kweli ni siafu. Suruali iingizwe ndani ya soksi, anayetangulia atazame njia, na mkiukuta mstari wao kila mtu auruke bila kusimama. Wakishapanda, toka nje ya mstari kwanza ndipo uvue nguo. Kusimama palepale ukijipangusa ni kuwaita wengine.

Wekeni saa ya kugeuka na muitamke kabla ya kuingia. Mimi huweka saa 7 mchana: popote mtakapokuwa saa hiyo, mnageuka, hata kama mwongoza njia anasema mahali pazuri ni dakika kumi tu mbele. Mvua za milimani hupenda alasiri, na saa 12 jioni ndani ya msitu ni giza kamili.

9. Mambo yakiharibika

Mtoto afundishwe sheria moja: ukiona umebaki peke yako, simama, kaa karibu na mti, puliza filimbi mara tatu, subiri, puliza tena. Asitutafute, sisi ndio tutamtafuta. Ifanyieni mazoezi uwanjani nyumbani mpaka iwe mchezo.

Mguu ukiteguka, mvue mzigo, mfunge bendeji juu ya kifundo, mtu mmoja mzima na mwongoza njia wamsaidie hadi barabara ya karibu. Namba ya dharura ni 112, lakini kwa vitendo simu ya mwongoza njia na ya hoteli zitakuletea gari haraka zaidi. Ziandikeni kwenye karatasi, kwani simu ikizimika majina yaliyohifadhiwa humo hayasaidii. Hotelini acheni ujumbe wa njia mnayopita na saa mnayotarajia kurudi.

Mtoto akianza kutetemeka na kuongea kwa ulegevu baada ya kulowa, mwondoeni upeponi, mvueni nguo zote zilizolowa, mvisheni kavu, mpeni chai tamu, mkumbatieni. Kumvisha koti juu ya fulana iliyolowa hakumsaidii. Matembezi ya siku hiyo yameishia hapo.

10. Siku ya kurudi

Basi la kwanza la asubuhi ni bora kwa wanaokwenda Dar, kiti kimoja kwa kila mtoto hata kama kondakta anashauri mpakatane. Kona zilezile zinawasubiri, na kushuka hutapisha kama kupanda, basi kifungua kinywa kiwe chepesi. Kabichi, karoti, viazi na fyulisi za msimu nunueni Lushoto au Soni, maana Mombo bei si ileile. Matunda laini yakae mapajani kwenye kikapu. Masweta yavuliwe mkifika Mombo, na viatu vyenye udongo vifungwe kwenye kile kiroba, vitaoshwa nyumbani.